Kabwa wa Akiki

Soko la Kyela siku ya Jumamosi halina adabu. Ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa, na ukiuliza bei ya ndizi unaitwa mchumba kabla hujajibiwa. Katikati ya vurugu hiyo Kisa alikuwa ametandaza biashara yake: upande mmoja vyungu vya mama yake kutoka Ikombe, upande wa pili mabakuli na vikombe vya enameli, vyeupe vyenye mdomo wa buluu, alivyovifuata mwenyewe mpakani Kasumulu. Alivaa gauni la njano, kitenge kakifunga kiunoni kwa fundo la kazi, na hereni zake zilicheza kila alipogeuza shingo kuita mteja. Wanaume wasiokuwa na haja ya bakuli walikuwa wanainama kuangalia mabakuli.

Anyitike hakuwa mmoja wao, au ndivyo alivyojidanganya. Alikuwa kijana wa Ngonga, mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka kama karatasi, na alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani kwa baba yake. Ila macho hayana pazia. Akainama kutazama kikombe, na mfukoni mwa shati kikachomoka kitu kidogo, kikaangukia katikati ya vikombe kwa mlio mwembamba.

“Mungu wangu! Usiguse kitu, dada! Usiguse chochote!”

“Kaka, nisiguse vikombe vyangu mwenyewe?”

“Mbwa wangu ameangukia humo.”

Kisa akamtazama toka juu mpaka chini. “Mbwa.”

“Mdogo.”

“Jua kali leo, kaka. Sogea kivulini kidogo, nikutafutie maji ya kunywa.”

Wauza nyanya wakacheka. Anyitike hakucheka. Alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake safi, akaanza kuchomoa kikombe kimoja baada ya kingine. Kuona vile, Kisa akaacha mzaha, naye akapiga magoti. Yeye ndiye aliyempata mbwa, amelala chini kabisa ya bakuli la uji.

Alikuwa mbwa kweli. Ukubwa wake haukuzidi yai la kuku, amechongwa katika jiwe la akiki lenye rangi ya asali, ameketi, kichwa kakiinamisha upande mmoja kama anayesubiri kuitwa. Macho yake yalikuwa chembe mbili nyekundu. Shingoni alivaa mkanda mwembamba wa dhahabu uliojazwa enameli ya buluu, buluu ambayo Kisa hakuwahi kuiona kwenye kikombe chochote.

“Jamani,” akasema polepole. “Anaitwa nani?”

“Kabwa.”

“Mbwa mdogo anaitwa Mbwa Mdogo. Kwenu mna ubunifu!”

Sasa Anyitike akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, kikamwingia Kisa mahali ambapo hakukitarajia. Akamfunga Kabwa kwenye leso, akamrudishia. Vidole vikagusana vikakawia kuachana.

“Nikulipe nini, dada?”

“Nunua kikombe. Na uniachie namba yako, mbwa wako akipotea tena nijue pa kumrudisha.”

Akanunua vikombe vinne ambavyo nyumbani kwao hakuna aliyevihitaji.

Simu zikaanza jioni ileile. Kisa akiwa Kyela hapakuwa na shida, lakini akirudi kwa mama yake Ikombe, kijiji ambacho hufiki bila mtumbwi, mtandao ulipatikana mahali pamoja tu: juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Alipanda huko na kanga mabegani, ziwa likiwa chini yake, akasimama kwa mguu mmoja pale ambapo sauti inakuja vizuri.

“Haloo, mama vikombe.”

“Haloo, baba mbwa. Umekula?”

“Nitakulaje na moyo uko Ikombe?”

“Basi utakufa njaa, maana huku leo tuna dagaa na mimi sigawi.”

“Kisa, mpenzi wangu, ukiolewa Ngonga utakula wali wa Kyela mpaka uchoke.”

“Nani kakwambia nataka kuolewa?”

“Huyo aliyesimama kwa mguu mmoja juu ya jiwe ili aniongeleshe.”

Alimweleza habari za Kabwa kidogokidogo, simu hadi simu. Bibi mzaa babu yake alikuwa yaya wa mke wa mmisionari mmoja wa Kijerumani, enzi za vita vya kwanza vya dunia. Wazungu walipoondoka kwa haraka, yule mama alifungua kabati lake la vioo lililojaa mbwa wa mawe wa kila aina, akachukua mmoja, akamtia mkononi yaya wake, akaondoka bila kusema neno. Tangu hapo, kijana wa ukoo akichumbia, mshenga humpeleka Kabwa ukweni. Kabwa hukaa kwa wazazi wa binti mpaka siku ya harusi, halafu bibi arusi huja naye mkononi. Siku ile ya sokoni Anyitike alikuwa ametoka kumchukua kwa shangazi yake aliyemtunza, kule Ndandalo.

“Ulimchukua ukampeleke kwa nani, kama hukuwa na mchumba?” Kisa aliuliza kwa wivu.

“Nilimchukua kwa ajili ya baba. Macho yake yamekufa, Kisa. Mzee Ezroni sasa haoni ila mwanga. Jioni huketi kibarazani, akamshika Kabwa, akapitisha kidole gumba shingoni, kwenye ile enameli, huku na huku. Anasema ndiyo rangi pekee aliyobaki nayo. Anaiona kwa kidole.”

Kisa akabadilisha mguu pale juu ya mwamba. “Sasa mkimleta huku, mzee atabaki na nini?”

“Nimemuuliza. Kasema atavumilia, maana utamrudisha.”

Mama Marta, mzazi wa Kisa, alikuwa mfinyanzi tangu utoto, na alikuwa na ugomvi mmoja tu na binti yake: mabakuli. “Unauza adui yangu,” alizoea kusema, mikono imejaa udongo hadi viwiko. “Watu wakila kwenye bati, nani atanunua chungu?”

“Mama, hata hii enameli ni ndugu ya chungu. Ni unga wa kioo, unapakwa juu ya bati, unachomwa motoni mpaka unang'aa. Bila moto haing'ai.”

“Kumbe nayo hupita motoni?” Mama akalichukua bakuli, akaligeuza, akalitazama kwa heshima mpya. Kisa akafurahi kwamba hatimaye ameshinda mabishano. Laiti angejua, angeumeza ulimi wake.

Posa ilipokuja, mshenga Mzee Erasto alivuka kwa mtumbwi, koti jeusi limemkaa vibaya, Kabwa kamficha kifuani. Mama Marta akamtandikia mkeka mpya. Maneno yakasemwa, ndizi zikaliwa, Kabwa akawekwa juu ya chungu kilichofunikwa, na Kisa akaulizwa kama anamfahamu aliyemtuma mbwa huyu. Akajibu anamfahamu. Wanawake wa Ikombe wakapiga vigelegele vikavuka maji.

Kuanzia neno lile, Kisa alikuwa mkamwana wa Mzee Ezroni, na kwa Wanyakyusa wa kizazi chake hilo si jambo la mchezo. Mkamwana na baba mkwe hawaonani uso. Hawazungumzi. Wakikutana njiani, binti huacha njia, hujifunika kichwa na kugeuka mgongo mpaka mzee apite. Vijana wengi wa mjini wameshaacha, lakini Mzee Ezroni hakuacha, hata alipokuwa haoni.

“Lakini haoni, mpenzi,” Kisa alimtania Anyitike kwenye simu. “Nikipita mbele yake atajuaje?”

“Wewe utajua. Basi hiyo inatosha.”

“Na nikimkosea, nitamwombaje radhi?”

“Kwa nini umkosee? Usiniletee mkosi, bibie.”

Siku za harusi zikakaribia. Kisa alikwenda Kyela kuchukua gauni lake kwa fundi: jeupe, mikono ya lesi, limembana kiunoni hata fundi mwenyewe akaguna. Akarudi Ikombe mchana, gauni kalishika juu ya kichwa lisilowe kwenye mtumbwi. Alipotia mguu ufukweni alimwona mama yake kando ya moto wa vyungu, amesimama, mikono kiunoni, anatabasamu kama mtoto aliyeficha zawadi.

“Umekuja wakati mzuri,” mama akasema. “Nataka uone. Kabwa wako alikuwa amefifia shingoni. Mafuta ya mikono ya watu miaka yote hiyo, na moshi wa nyumba. Nikasema, mwanangu hataingia kwa watu na kitu kilichofifia, waseme kwa mama yake hakujua kukitunza.”

“Mama. Yuko wapi?”

“Nimemweka vizuri ndani ya chungu kidogo, nimemfunika majani. Si ulisema hung'aa kwa moto?”

Kisa aliliachia gauni, likaanguka kwenye mchanga wa maji. Akachukua mti, akachakura moto ule kwa pupa, vyungu vya wiki nzima vikapasuka na mama akapiga kelele. Chungu kidogo kikatoka. Ndani yake Kabwa alikuwa ameketi vilevile, kichwa upande mmoja. Rangi ya asali ilikuwa imegeuka kijivu. Ufa ulitoka sikioni ukashuka hadi mguuni. Na ile buluu yote ilikuwa imepukutika. Ilibaki chini ya chungu, vumbi na vigae vidogo vidogo, na Kisa alipokigusa kimoja kikamkata kidole.

Mama Marta alitazama, akatazama tena. Akaketi palepale kwenye majivu.

“Nilitaka ang'ae,” akasema. “Kisa, nilitaka ang'ae tu.”

Binti angesema nini? Angemlaumu nani? Maneno yalikuwa yake mwenyewe, mapenzi yalikuwa ya mama, na moto haukumuonea mtu. Akaketi naye majivuni, wakalia wote wawili, na gauni jeupe likabaki linanyonya maji ya ziwa.

Jioni mama alimshika mikono. “Usiwaambie ni mimi. Nakuomba kwa maziwa yangu. Watasema nimetia motoni roho ya ukoo wao kusudi. Mimi mjane, mkono wangu ni wa udongo na moto, unajua mjane husemwaje. Wataniita mchawi, na neno hilo likishatoka halirudi.” Kisa akaapa. Ukiwa na mama mmoja tu, utakataa vipi?

Kilichofuata ni siku za kuhangaika. Kisa alipanda mwamba wake si kwa mapenzi tena. Alitafuta kwenye simu nani anatengeneza mbwa wa mawe. Sonara mmoja wa Mbeya alitazama picha akamjibu kwamba dhahabu anaiweza, jiwe pengine, lakini buluu ile hamjui mtu hapa nchini wa kuirudisha. Akampata mchuuzi wa vitu vya kale ng'ambo, Malawi, akamwandikia: unaye mbwa wa akiki, ameketi, mkanda wa buluu? Mtu yule akamtumia picha. Mbwa wa jiwe jeusi amelala juu ya mto wa enameli nyekundu. Mbwa wa jiwe jeupe mwenye masikio marefu. Mbwa wa kijani, wa zambarau, kibweha mdogo mwenye macho ya almasi, vikopo vya dhahabu vilivyochorwa mbwa wa kuwinda kwenye vifuniko. Kisa akawapitisha wote kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, machozi yanadondokea kioo cha simu. Ulimwengu ulikuwa umejaa mbwa wazuri na hakuna hata mmoja aliyeinamisha kichwa kama Kabwa.

Mchuuzi alipovuka kuja Kasumulu kwa shughuli zake, Kisa alikwenda kumwonyesha picha ya Kabwa alivyokuwa zamani, labda amepata kumwona mwenzake popote. Mtu yule akatikisa kichwa, halafu akauliza kama Kabwa mwenyewe anauzwa. Kwa mkosi, Prisca, dada yake Anyitike, aliyekuwa na meza ya vitenge pale mpakani, alimwona wifi yake mtarajiwa ameinamiana na mnunuzi wa vitu vya kale juu ya picha ya mbwa wa ukoo.

Simu ililia hata kabla Kisa hajapanda bodaboda.

“Uko wapi?” Anyitike hakusema haloo, hakusema mpenzi.

“Nipo njiani, laazizi. Nimechoka kidogo...”

“Prisca amekuona. Kabwa yuko wapi?”

“Yupo.”

“Nipigie picha yake. Sasa hivi.”

Kisa akasimama katikati ya malori, simu sikioni. Kiapo cha mama kilikuwa kimemziba mdomo.

“Kisa, nakuuliza mara ya mwisho. Umemuuza?”

“Sijamuuza! Anyitike, niamini tu. Sijamuuza.”

“Basi sema yuko wapi.”

“Siwezi.”

“Huwezi.” Sauti yake ilivunjika. “Mwenzio namwambia baba kila jioni, avumilie kidogo, anarudi. Anakaa pale kibarazani anasugua kidole gumba kwenye goti lake mwenyewe, Kisa. Kwenye goti! Na wewe huwezi.” Akakata. Kisa alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa, na ikabaki imezimwa siku zilizofuata.

Msimlaumu kijana. Aliyependa sana ndiye huumia haraka, na Anyitike alikuwa hajalala vizuri tangu aliposikia. Mara kadhaa aliwasha simu, akatazama picha ya Kisa amevaa gauni la njano katikati ya mabakuli, akaizima.

Mzee Erasto alivuka tena kwa mtumbwi. Safari hii hakuketi kwenye mkeka. “Mzee Ezroni anamtaka mbwa wake,” alisema. “Akija mbwa, tutazungumza mengine. Asipokuja, hatuna la kuzungumza.”

“Nibebee neno, mzee wangu,” Kisa akaomba. “Mwambie sikumuuza.”

“Mimi nabeba maneno ya posa, mwanangu. Hili limeshakuwa neno la wizi. Mshenga hawezi kulibeba.”

Akaondoka. Mama Marta, ambaye alikuwa hali wala haongei tangu siku ya moto, akatoka ndani akishika ukuta. Presha ilikuwa imempanda, miguu imemvimba.

“Nimekufungua kiapo,” akasema. “Nenda ukaseme ni mimi. Waniite watakavyo. Sitakubali mwanangu aitwe mwizi.”

“Niende niseme kwa nani, mama? Anyitike kazima simu. Mshenga kakataa. Amebaki mzee, na mzee siruhusiwi kumsemesha.” Kisa akacheka kicheko kibaya. “Nikinyamaza, mimi ni mwizi. Nikifungua mdomo mbele yake, basi nimevunja mwiko, mimi si mkamwana wake tena na Anyitike nimempoteza kwa mkono wangu. Nifanye nini? Niambie wewe.”

Mama akamtafutia chungu kidogo kizuri, alichokifinyanga zamani, chekundu chenye mistari myeupe, wakamweka Kabwa ndani pamoja na vigae vyote vya buluu walivyoweza kuokota.

Asubuhi na mapema, umande bado uko kwenye migomba, Kisa aliingia kwa mzee Ezroni, Ngonga, kwa njia ya nyuma. Alikuwa amejifunika kitenge hadi kwenye paji la uso. Usiku alikuwa amelala Matema kwa rafiki, akapanda bodaboda kabla jogoo hawajamaliza kuwika, na njia nzima hakuwa na mpango wowote. Akafika nyuma ya migomba iliyo karibu na kibaraza, akamsikia mzee anakohoa. Akageuka mgongo haraka. Akasimama hapo, chungu kifuani, hawezi kwenda mbele wala kurudi.

Mbwa wa nyumba akaja kumnusa. Mbwa wa kweli huyu, ambaye habari zake Kisa alishazisikia kwenye simu, mwekundu, mwenye sikio lililoliwa, aliyepewa jina la Watasema ili majirani walisikie kila anapoitwa. Alimnusa miguu, akaketi mbele yake, kichwa akakiinamisha upande mmoja.

Kisa akamtazama. Mwiko ulimkataza kumsemesha baba mkwe. Hakuna aliyewahi kumkataza kumsemesha mbwa.

“Ugonile, Watasema,” akamsalimia Kinyakyusa kwa sauti, sauti yenyewe inakatika. “Nimekuja kukupa habari za ndugu yako.”

Kibarazani kikohozi kikakoma.

“Watu wanasema ndugu yako ameuzwa. Hakuuzwa, Watasema. Yupo hapa kifuani pangu. Lakini si yule aliyeondoka hapa. Aliungua.”

Kisha sauti nzito ya uzee ikatoka kibarazani, nayo haikumwelekea Kisa.

“Watasema! Nani anaongea na wewe hapo? Hebu muulize, mbwa, nani aliyemtia motoni?”

“Mwambie mwenye nyumba, Watasema, ni mama yangu. Yeye ni mfinyanzi. Mimi ndiye niliyemwambia enameli hung'aa kwa moto. Aliona shingo imefifia, akataka ang'ae, ili nisije kwenu na kitu kisichong'aa. Hakuwa na nia mbaya hata ya kucha. Tangu siku hiyo hali chakula. Mwambie, kama kuna wa kulaumiwa, ni mdomo wangu.”

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Anyitike alitoka amevaa kaptura na singlendi, macho mekundu, akaruka kibaraza akaja hadi kwenye migomba. Yeye peke yake aliruhusiwa kuwatazama wote wawili: baba yake kule, mgongo wa mpenzi wake huku. Akasimama katikati, hajui amwendee nani.

“Kisa! Kwa nini hukuniambia? Miye?”

“Niliapa kwa maziwa ya mama. Na ulizima simu.”

“Niliizima kwa sababu nisingeweza kuisikia sauti yako bila kukusamehe!”

“Watasema,” mzee akasema kibarazani, “mwambie huyo kijana afunge mdomo kidogo. Watu wazima wanazungumza.”

Anyitike akafunga mdomo. Akasogea karibu na Kisa, akamshika kiwiko chini ya kitenge, na mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko wa Kisa.

“Watasema. Mwambie aliyekuja amweke chini, halafu asogee.”

Kisa akarudi nyuma hatua kwa hatua, mgongo mbele, Anyitike akimwongoza kwa kiwiko asijikwae, akakiweka chungu ukingoni mwa kibaraza bila kugeuka. Kisha akarudi kwenye migomba. Akasikia fimbo ikigonga sakafu, ikapapasa, ikafika. Akasikia magoti ya mzee yakilalamika akiketi. Akasikia mfuniko wa chungu ukitolewa.

Halafu akasikia kidole. Asubuhi ilikuwa kimya kiasi hicho. Kidole gumba cha mzee kikipita shingoni kwa Kabwa, huku na huku, juu ya dhahabu tupu, kikikwaruza. Kikasimama. Kikajaribu tena, taratibu, kama kimekosea mahali. Kikasimama tena.

“Kidole changu hakimjui,” mzee akasema. Hakumwambia mbwa wala mtu. Kisha akalia, kilio kidogo cha mtu mzima asiyetaka kusikika.

Kisa alishika mdomo kwa mikono miwili. Kila kitu ndani yake kilitaka kugeuka, kukimbia, kumpigia magoti mzee yule, kumshika kile kidole. Binti mwingine yeyote wa Kyela angeweza, hata mpita njia angeweza. Mtu mmoja tu hakuwa na ruhusa, naye alikuwa ni yeye, kwa sababu alitaka kuwa mtoto wa nyumba ile. Anyitike alikuwa analia naye, waziwazi, kamasi na machozi, wala hakumwachia kiwiko.

Mzee akapenga kwa kitambaa. Akarudisha Kabwa ndani ya chungu, na vigae vya buluu vikasikika vikigongana.

“Watasema,” akaita. Sauti ilikuwa bado haijakaa sawa. “Mwambie mama yake ale. Mwambie aliyetia motoni kwa mapenzi hatuna kesi naye. Ndaga fijo, asante sana kwa chungu, ni kizuri, nimekishika. Siku ya harusi binti aje na Kabwa mkononi hivyohivyo alivyo. Hatuna mwingine.”

Mbwa akatikisa mkia.

“Na mwambie...” Mzee akatafuta neno. “Mwambie mkamwana wangu asisimame hapo kwenye umande. Aingie jikoni, kuna uji.”

Mkamwana wangu. Anyitike akamgeukia Kisa, akamnong'oneza, “Umesikia, mpenzi? Umesikia alivyokuita?” Kisa akaitikia kwa kichwa. Alikuwa hajawahi kuona uso wa mzee yule ambaye sasa alimpenda ghafla namna ile, na kwa mwiko hatauona kamwe. Akajivuta kitenge mbele, akaenda jikoni kwa njia ya nyuma, na hakugeuka.